Leseni ya Redio kwa Ndege za Mfano: Nani Aruhusiwa, na kwa Kazi Gani?

Na Katibu wa Chama



Ofisi ya chama imepokea maswali mengi juu ya vyombo vidogo virukavyo hewani na kuongozwa kwa redio na mtu aliyesimama chini. Wengine huviita droni, wengine huviita ndege nyuki, na wengine husema ndege za mfano. Swali lililorudiwa kuliko yote ni hili: Mwanachama akiagiza chombo cha namna hii kutoka ng'ambo, na katika karatasi yake imeandikwa kwamba chatumia masafa ya redio ya ridhaa, je, ni leseni gani imtakayo? Na chama chetu kikinunua kimoja cha kutazamia mashamba, je, yatosha mwanachama mmoja au mtoto wake kuwa na leseni ya redio ya ridhaa, na sote tukatumia kwa jina lake?

Swali hili ni zuri, na lina fedha ndani yake. Mtu aweza kutoa akiba ya msimu mzima akanunua kitu kisichoruhusiwa kuwashwa. Kwa hivyo nimeona yafaa kuieleza khabari hii kwa urefu, ili kila mmoja aisome mwenyewe na asitegemee maneno ya barazani wala maneno ya muuzaji.

Jibu kwa ufupi ni kwamba leseni ya ridhaa hupewa mtu, wala haipewi mashine. Na mtu huyo hupewa kwa ajili ya kujifunza na kujifurahisha, wala si kwa ajili ya kazi yenye faida. Mengine yote yafuatayo yatoka katika maneno hayo mawili.

NINI MAANA YA REDIO YA RIDHAA

Mawimbi ya redio ni njia ya pamoja, mfano wa njia ya shambani ipitwayo na wengi. Watu wawili wakipita na mizigo yao pahala pembamba kwa wakati mmoja, hugongana. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana zamani kuyagawa masafa: haya ya meli, haya ya ndege za abiria, haya ya simu, haya ya polisi, haya ya matangazo. Kazi hii ya kugawa huangaliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lenye makao yake mjini Geneva, na Tanzania ni mwanachama wake.

Katika mgawo huo limewekwa fungu la watu wa ridhaa. Kanuni za ITU zaeleza kwamba huduma hii ni ya kujifundisha, ya kuwasiliana na ya kuchunguza ufundi wa redio, nayo hufanywa na watu walioruhusiwa kisharia, wapendao ufundi huo kwa haja ya nafsi zao tu, pasipo tamaa ya fedha. Naomba wanachama wayashike maneno ya mwisho, maana tutayarudia.

Watu hawa si wachache, wala si wa daraja moja. Marehemu Sultani Qaboos bin Said wa Oman alikuwa mmoja wao, na alama yake ya mwito ilikuwa A41AA. Nchini kwake chama cha wanaredio wa ridhaa kiliundwa mwaka 1972. Sisi nasi visiwani tuna herufi zetu: kabla ya 1964 alama za Zanzibar zilianza kwa VQ1, na hivi leo alama za Tanzania huanza kwa 5H, na visiwa vyetu hutambulikana kwa 5H1. Mwanaredio aliyeko Japani au Brazil akisikia 5H1 hujua mara moja kwamba sauti ile yatoka kwetu.

NDEGE ZA MFANO ZILIINGIAJE

Kukiongoza chombo kwa redio si jambo la jana. Mwaka 1898 bwana Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo ikienda na kugeuka majini pasipo kamba wala mtu ndani yake, na mnamo tarehe 8 Novemba mwaka huo akapewa hati ya uvumbuzi huo. Wengi waliotazama hawakusadiki macho yao.

Kwa upande wa ndege, mapacha wawili wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, Walter na William Good, waliirusha kwa redio mwaka 1937 ndege yao ya mfano iliyoitwa Guff. Walter aliijenga ndege na William alishughulika na redio. Ndege hiyo imo katika hifadhi ya makumbusho ya Smithsonian.

Siku hizo mwenye kutaka kurusha ndege ya mfano kwa redio hakuwa na mlango mwingine illa mlango wa ridhaa. Ilimpasa kwanza asome ufundi wa redio, afanye mtihani na apate leseni, ndipo aiguse ndege. Katika miaka ya 1950 Marekani iliwafungulia watu wasio wanaredio nafasi katika masafa ya karibu na megahezi 27, na baadaye zikaja nyingine. Toka hapo mambo yakawa na milango miwili: mlango wa watu wote, na mlango wa wenye leseni ya ridhaa. Kutoitofautisha milango hii ndiko kunakowaletea watu fadhaa hata leo.

SHARIA YA MAREKANI

Naeleza sharia ya Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, imeliandika jambo hili kwa uwazi mkubwa. Pili, vyombo vingi viuzwavyo huja na karatasi zilizoandikwa kwa kuifuata sharia hiyo, na mnunuzi wa Wete au wa Mkokotoni huzisoma akadhani zamhusu yeye.

Mwenye kusimamia redio huko ni Tume ya Mawasiliano, iitwayo kwa ufupi FCC. Katika mlango wa watu wote, Tume imeweka megahezi 72 kwa ndege za mfano, nafasi 50, kuanzia 72.01 hadi 72.99, na mtambo wa kupeleka mawimbi usizidi robo tatu ya wati. Megahezi 75 zimewekwa kwa vyombo vya chini, yaani motokaa na mashua, nafasi 30. Ziko pia nafasi 6 za karibu na megahezi 27. Mtu binafsi hatakiwi leseni kwa nafasi hizo. Leseni za aina hiyo ziliondolewa mwaka 1983. Tena, tangu kadiri ya mwaka 2005, vyombo vingi vimehamia masafa ya megahezi 2,400 hadi 2,483.5. Nako huko mtumiaji hahitaji leseni, lakini mtambo wenyewe sharti uwe umepimwa na kuidhinishwa kabla ya kuuzwa.

Mlango wa pili ni wa ridhaa. Wanaredio wa Marekani wamejiwekea nafasi 10 za kuongozea ndege za mfano kati ya megahezi 50.80 na 50.98, na nyingine katika megahezi 53. Mwenye kuzitumia hana budi awe na leseni. Ya daraja la chini yatosha, nayo hupatikana kwa mtihani wa maswali 35, na mtu hufuzu akipata 26. Hakuna sharti la umri, hakuna tena mtihani wa kugonga Morse, wala si lazima awe raia wa nchi ile. Mtoto wa mwanachama wetu aliyeko Marekani kwa masomo aweza kuufanya. Tangu 2022 Tume hutoza dola 35, na leseni hudumu miaka 10.

Mwenye leseni akitaka kuiongoza ndege ya mfano kwa masafa ya ridhaa, sharia yampa takhfifu mbili na yamwekea mpaka mmoja.

Takhfifu ya kwanza ni katika kujitambulisha. Kwa kawaida mwanaredio sharti ataje alama yake ya mwito kila dakika 10 na mwisho wa mazungumzo. Lakini mwenye kuongoza ndege hazungumzi na mtu, na ndege haina masikio. Basi sharia yamsamehe kutaja alama, mradi abandike katika mtambo wake karatasi yenye alama yake ya mwito, jina lake na anwani yake. Ni kama namba iandikwayo ubavuni mwa chombo cha bahari: hata mwenyewe asiposema neno, anayetaka kumjua atamjua.

Takhfifu ya pili ni katika siri. Wanaredio wa ridhaa wamekatazwa kusema kwa mafumbo ili wengine wasielewe maana. Ishara za kuongozea ndege ni mfululizo wa midundo ambayo asiye fundi haielewi, na mtu angeweza kusema kwamba ni fumbo. Sharia yasema kwamba ishara hizo hazihesabiwi kuwa mafumbo.

Ama mpaka ni huu: nguvu ya mtambo isizidi wati 1. Hiyo yakaribia nguvu ya balbu ya tochi ndogo. Mtu yuleyule, kwa leseni ileile, akizungumza katika masafa hayohayo ya megahezi 50, aruhusiwa hadi wati 1,500. Lakini akiiongoza ndege ya mfano ni wati 1, basi. Ndege iliyo mbele ya macho ya mwenye kuirusha haihitaji zaidi ya hapo, na nguvu ya bure huwasumbua wengine.

PICHA ZITOKAZO ANGANI

Yako jambo moja ambalo wengi hawalijui. Takhfifu hizo ni za ishara ziendazo kwenye ndege. Vyombo vya siku hizi hupeleka pia picha kutoka ndegeni hadi chini, na mara nyingi hutumia masafa ya karibu na megahezi 5,800. Huko Marekani fungu la ridhaa ni kuanzia megahezi 5,650 hadi 5,925. Picha hizo hazimo katika msamaha wa kutaja alama. Kwa hivyo mwanaredio mwangalifu huiandika alama yake ya mwito ndani ya picha yenyewe, ionekane kila mara.

Hapa ndipo wauzaji walipowapoteza watu. Mitambo mingi ya picha iliuzwa bila ya kupimwa na kuidhinishwa, kwa hoja kwamba ni ya wanaredio wa ridhaa, na mitambo ya ridhaa haihitaji kuidhinishwa. Tume ilipoichunguza iliona kwamba baadhi yake yaweza kuwashwa hata nje ya masafa ya ridhaa. Hilo si jambo dogo, kwani karibu ya hapo, baina ya megahezi 5,600 na 5,650, ziko rada za viwanja vya ndege zinazowatahadharisha marubani juu ya pepo za hatari. Mwaka 2020 Tume iliitoza kampuni ya HobbyKing faini ya dola 2,861,128 kwa kuuza mitambo ya namna hiyo. Kadhalika, mwaka 2018 Tume ilikuwa imewatangazia watumiaji kwamba kutoijua sharia si udhuru: mwenye kuwasha mtambo wa masafa ya ridhaa bila ya leseni ni mkosa, hata kama aliununua dukani mchana kweupe.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Mtambo wa bei ya chini usio na kibali waweza kuwa ghali kuliko vyote.

KWA NINI MTU AJITAABISHE NA MLANGO WA RIDHAA

Mtu aweza kuuliza: Ikiwa mlango wa watu wote upo na hauna mtihani, faida gani ya huo mwingine? Faida yake ilikuwa kubwa, hasa kabla ya megahezi 2,400 kuenea. Katika uwanja wa ndege za mfano, watu wawili wakiwasha mitambo katika nafasi moja, ndege zote mbili huweza kupotewa na uongozi zikaanguka. Katika megahezi 72 watu walikuwa wengi. Katika megahezi 50 walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa amesoma na kujua afanyalo.

Utaratibu wao wa uwanjani wapendeza kuujua. Viwanja vingi vilikuwa na ubao wenye namba za nafasi zote, na kwa kila namba pegi moja ya kuanikia nguo. Mwenye kutaka kurusha huenda ubaoni akachukua pegi ya nafasi yake na kuibana katika mtambo wake. Asiye na pegi hawashi. Akisha kutua huirudisha, na mwenziwe huichukua. Hakuna askari wala kelele. Watu wa viwanja hivyo walijua kwamba ndege aliyoijenga mtu kwa miezi yaweza kuangushwa na mwenziwe kwa kubonyeza kidude kimoja tu, tena bila ya kukusudia.

KARAFUU IKIINGIA, RIDHAA HUTOKA

Sasa tufike katika swali la chama. Chukua mfano wa mkulima wa Marekani mwenye leseni ya ridhaa. Jioni ya Jumapili airusha ndege yake ya mfano kwa masafa ya ridhaa juu ya shamba lake, kwa kujifurahisha. Hakuna kosa. Siku ya Jumatatu airusha ndege ileile, kwa mtambo uleule, juu ya shamba lilelile, ili aone mimea ipi imepata maradhi apate kuitibu kabla ya kuvuna na kuuza. Hapo ametoka nje ya leseni yake. Kanuni za FCC zamkataza mwanaredio wa ridhaa kutumia masafa hayo kwa mawasiliano yenye faida ya fedha kwake au kwa mwajiri wake.

Wakuu wa usafiri wa anga wa nchi ile waliwahi kuifafanua tofauti kama hii kwa upande wao. Katika maelezo waliyoyatoa mwaka 2014 walisema kwamba kutazama kwa ndege ya mfano kama mimea yahitaji maji ni mchezo wa ridhaa ikiwa mimea hiyo imepandwa kwa raha ya mwenyewe. Lakini ikiwa ni ya shamba la biashara, si mchezo tena. Sharia waliyokuwa wakiieleza iliondolewa mwaka 2018 ikawekwa nyingine, lakini mpaka baina ya mchezo na kazi ulibaki palepale. Mwenye kazi tangu 2016 ana cheti chake mbali.

Tujitazame sisi. Chama chetu ni cha wakulima wa karafuu, na karafuu zetu huenda ZSTC kwa bei. Tukirusha chombo kuhesabu mikarafuu iliyokufa ghafla, au kutazama ni shamba lipi liko tayari kuchumwa, au kupima mipaka, hiyo ni kazi ya faida, hata kama anayeirusha ni kijana asiyelipwa hata shilingi. Leseni yake ya ridhaa haitukingi. Isitoshe, twaweza kumharibia, kwani jina lililobandikwa mtamboni ni lake.

Wala jina la chama haligeuzi kitu. Leseni ya ridhaa si kama jamvi la kuanikia, ambalo jirani huliazima akamaliza kazi akalirudisha. Mwenye leseni ndiye mwenye dhamana ya kila wimbi litokalo katika mtambo wake, kama nahodha awavyo na dhamana ya chombo, hata usukani ukiwa mkononi mwa baharia.

MASAFA HAYAFANANI KILA NCHI

Liko jambo jingine la kuzingatia kabla ya kuagiza kitu. ITU imeigawa dunia sehemu tatu. Afrika na Ulaya zimo katika Sehemu ya 1, nchi za Amerika zimo katika Sehemu ya 2. Masafa yaliyo huru kule huenda yakawa na mwenyewe huku.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni vyombo vya kuongozea mbali viandikwavyo megahezi 915. Huko Marekani fungu la 902 hadi 928 liko wazi kwa mitambo midogo isiyo na leseni, na wanaredio wa ridhaa nao wana haki ndani yake. Katika Sehemu ya 1 haliko hivyo. Megahezi 880 hadi 915 kwetu ni njia ya simu za mkononi, nayo ndiyo ichukuayo sauti ya simu kwenda mnarani. Mtu akiwasha mtambo wa Kimarekani shambani aweza kuwasumbua majirani wanaopiga simu hospitali, naye asijue kwamba ndiye sababu.

Hata megahezi 72 si za ndege za mfano kila pahala. Uingereza, kwa mfano, iliziwekea ndege za mfano megahezi 35, hazihitaji leseni, na nguvu yake haizidi sehemu moja ya kumi ya wati. Nazo megahezi 50 hadi 54 ambazo Marekani yote ni za ridhaa, katika Sehemu ya 1 hazikugawiwa sawasawa na kule. Kwa hivyo karatasi iliyomo ndani ya sanduku haitoshi kuwa hoja. Namba ni moja, sharia ni mbali.

KWETU VISIWANI

Mwenye kusimamia masafa ya redio katika Jamhuri ya Muungano, Unguja na Pemba zikiwamo, ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Hiyo ndiyo itoayo leseni ya redio ya ridhaa, na hiyo ndiyo ya kuulizwa ni masafa yapi na nguvu kiasi gani inayoruhusiwa kwa chombo fulani. Leseni ya Marekani au ya Uingereza haimpi mtu haki ya kuwasha mtambo hapa. Jamaa yetu akija likizo na ndege yake, naye ni mwanaredio huko aliko, sharti atake ruhusa ya hapa kwanza.

Tena yapasa kufahamu kwamba ruhusa ya redio ni moja na ruhusa ya anga ni nyingine. Kurusha chombo kisicho na rubani kwahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Mwenye kibali cha anga asiye na haki ya masafa amekosa, na mwenye leseni ya redio asiye na kibali cha anga amekosa vilevile. Viwanja vyetu vya Karume huko Pemba na cha Abeid Amani Karume hapa Unguja viko karibu na makaazi na mashamba ya watu, na ndege za abiria hushuka chini sana zikija kutua. Hapo hapana mchezo.

Isidhaniwe kwamba nawakatisha tamaa wanachama. Vyombo hivi vina manufaa, na visiwa vyetu vimeshayaona. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kupiga picha za ramani za visiwa kwa ndege zisizo na rubani, na vijana wa hapahapa walifundishwa kuzirusha. Kazi hiyo ilifanywa kama kazi rasmi. Haikufanywa kwa kujificha nyuma ya leseni ya mchezo wa mtu. Njia hiyo ndiyo inayotupasa nasi kuifuata.

Na kwa vijana wetu wa skuli wenye kupenda ufundi, leseni ya ridhaa ni mlango mzuri sana wa elimu. Kijana aliyesoma akaufaulu mtihani wa redio hujua urefu wa wimbi, nguvu ya mtambo, kazi ya waya wa angani na adabu ya kusikiliza kabla ya kusema. Elimu hiyo itamfaa katika simu, katika umeme na katika meli. Mzazi mwenye kijana kama huyo asimzuie. Amwongoze tu aanze na kitabu kabla ya mashine.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUTOA FEDHA

Nawaomba wanachama wayashike mambo matano haya:

Kwanza, tambua kazi. Jiulize kwa ukweli kama chombo ni cha kujifurahisha au ni cha shamba. Ikiwa ni cha shamba, mlango wa ridhaa umefungwa. Tafuta chombo kitumiacho masafa yaliyo halali kwa watu wote, au utake leseni ya kazi.

Pili, soma namba. Mtake muuzaji akuandikie masafa ya kuongozea, masafa ya picha, na nguvu ya kila mtambo kwa wati. Muuzaji asiyeweza kukuandikia hayo usimpe fedha zako.

Tatu, zipeleke namba hizo TCRA, ukaulize kabla ya kuagiza. Kuuliza si ujinga. Na jibu ulitake kwa maandishi, maana mali bila daftari huisha bila khabari.

Nne, utake kibali cha TCAA kwa upande wa anga, mbali na redio.

Tano, usiazime leseni ya mtu wala usiazimishe yako. Ikiwa wewe ni mwanaredio wa ridhaa, alama yako ya mwito ni amana yako.

Ama kuhusu chama chenyewe, rai yangu, nitakayoiweka mbele ya Kamati, ni kwamba tusinunue chombo chochote kwa fedha za wanachama mpaka tuwe na majibu ya maandishi ya mamlaka zote mbili. Ikionekana gharama ya kununua na kutimiza masharti ni kubwa kwa chama kimoja, huenda ikawa bora kumkodi kwa siku chache mtu mwenye vibali kamili, tukampa orodha ya mashamba, akatuletea picha. Wanachama wenye rai nyingine waziandike na kuzileta ofisini, au wampe mjumbe wa tawi lao, ili Kamati izisome zote pamoja kabla ya kukata shauri.

Wabillahi tawfiq.